Somo Lililolipiwa na Visima

Vifaa vya kufundishia nishati vinavyogawiwa shuleni kwa fedha za kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe vimezoeleka Marekani, hasa katika jimbo la Oklahoma. Mwaka 1993 bunge la jimbo hilo liliunda Oklahoma Energy Resources Board, bodi inayoendeshwa kwa tozo ya asilimia 0.1 ya mauzo ya mafuta na gesi, inayotoka kwa wazalishaji na wenye mrabaha. Bodi hiyo husafisha maeneo ya visima vilivyotelekezwa, kazi inayostahili sifa. Pia huandaa masomo ya sayansi kuanzia chekechea hadi sekondari: mwalimu huhudhuria semina, akarudi darasani na sanduku la vifaa vya majaribio bila kulipa chochote.

Katika kimojawapo cha vitabu vyake, mtoto aitwaye Petro Pete anaota kwamba kila kitu kitokanacho na mafuta kimetoweka, hata matairi ya baiskeli yake. Ni kweli kwamba mpira wa viwandani hutokana na mafuta. Kasoro imo katika yasiyosemwa: ndoto hiyo haigusi hewa ukaa inayopanda angani mafuta yanapochomwa, na mtoto wa miaka saba hana namna ya kujua kuwa amenyimwa nusu ya habari. Makaa ya mawe nayo yalipita njia hiyohiyo. Mwaka 2011 kampuni ya Scholastic iliacha kusambaza somo la darasa la nne lililofadhiliwa na American Coal Foundation, baada ya wanaharakati kulalamika kuwa lilitaja faida za makaa na kunyamazia madhara yake.

Walimu wasibebeshwe lawama. Wilaya kadhaa za Oklahoma zilifikia kufundisha siku nne kwa wiki kwa kukosa fedha, huku visima vipya vikitozwa kodi ya uzalishaji ya asilimia 2 tu katika miaka mitatu ya mwanzo. Kodi hiyo ilipandishwa hadi asilimia 5 mwaka 2018, walimu walipokuwa wametangaza mgomo. Kwa hiyo sanduku la bure huja kuziba pengo ambalo kodi ndogo ya sekta hiyohiyo ilichangia kulipanua. Serikali inayokusanya kodi inayostahili inaweza kununua vifaa vya maabara na kuwaachia wanasayansi wasio na maslahi kazi ya kuandika somo. Vitabu vya kampuni vikiendelea kuingia darasani, viingie na jina la mfadhili likisomwa kwa sauti.