Kaskazi na Mwenye Kisukari

Kaskazi inapovuma pwani yetu, tangu Desemba hata Machi, si haki mwenye maradhi ya kisukari afungiwe ndani kana kwamba furaha ya ufuoni imeharimishwa kwake. Lakini ni lazima afahamu kwamba joto, likimkausha maji mwilini, huweza kuzidisha sukari katika damu, na kwamba insulini ikiachwa juani huharibika. Asiye na jokofu na aitie katika chombo kikavu, akiweke ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Tena, miguu iliyopoteza hisi kwa sababu ya maradhi hayo huungua mchangani bila ya mwenyewe kutambua. Basi asivue viatu. Nanyi jamaa, mkaribisheni kwa maji baridi, wala msimshurutishe kunywa juisi ya miwa.