Gari linakata nguvu, halafu linapona lenyewe

Ugonjwa mbaya wa gari kuukuu si ule unaoliua kabisa. Likifa, linavutwa, fundi analiona, kazi inaanza. Mbaya ni ule wa kuja na kuondoka. Uko M1, unakanyaga mafuta, gari halivuti, na lori liko mgongoni kwako. Dakika tano baadaye linakwenda kama jipya. Ukilifikisha gereji ndiyo kabisa, limetulia kama mtoto aliyeona daktari.

La mama yangu ni la petroli, lina miaka 19, na anaenda nalo zamu za usiku za kutunza wazee. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha pampu ya mafuta bila kupima chochote. Labda ni pampu kweli, lakini "labda" ya pauni 400, hapana.

Mashine ya kusoma makosa, ile unayochomeka chini ya usukani, haikuonyesha kitu. Hilo lisikushangaze: kompyuta ya gari inaripoti kile tu ambacho sensa zake zimekiona.

Basi nikamwomba mama aweke daftari ndani ya gari. Injini ilikuwa ya moto au baridi? Tangi lilikuwa na kiasi gani? Ulikuwa unapanda mlima? Lilitikisika au lililegea tu? Akacheka: "Kwani hii gari imefunguliwa kadi ya kliniki?" Lakini aliandika.

Maswali hayo yana kazi. Likitikisika na kumisi, unaanza na plagi na koili. Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima hapo, punguza mwendo na usilikamue, maana petroli isiyoungua inaharibu katalisti kwenye ekzosi. Injini ikizima kabisa ikiwa ya moto, halafu ikipoa inawaka, mshuku sensa ya krenki. Kulegea bila kutikisika, tena mlimani au kwenye mwendo mkali, mara nyingi ni njaa ya mafuta, au katalisti imeziba na injini haipumui.

Daftari la mama lilisema: baada ya nusu saa, barabara kuu tu, bila kutikisika. Na mara moja lilikata nguvu tangi likiwa limetoka kujazwa. Hapo fundi wa pili akasimama. Pampu iliyochoka husumbua zaidi tangi likiwa chini, kwa sababu petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza.

Akaunga geji ya presha, wakatoka na mama mpaka likalegea. Presha ikashuka. Wa kwanza angeishia hapo na kuuza pampu. Huyu akapima umeme: injini ikiwaka betri ilikuwa na volti karibu 14, pampu inapata chini ya 10. Soketi ya waya chini ya kiti cha nyuma ilikuwa na kutu, ikipata moto inabana umeme. Pauni 70, pamoja na kazi.

Kabla hujapata jibu, likikukatia nguvu barabara kuu hapa Uingereza: taa za hatari, sogea kushoto, shukeni kwa milango ya kushoto, simameni nyuma ya kizuizi cha chuma. Msikae ndani kusubiri lipone.

Kama mzee wako ana gari la namna hii, tuandikie linakata nguvu wakati gani, kwa Kiswahili chako chochote. Tutasoma kwenye kipindi kijacho.