Kidole Hakina Hatia

Wako wasomi wanaoamini kwamba elimu isiyomtoa mtu jasho si elimu. Nimefanya nao kazi miaka mingi, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Leo nataka kuwapinga, nami nikiwamo.

Baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu, niliombwa nirudi kusaidia kusimamia tafiti fupi za wanachuo. Mkufunzi wa takwimu alikuwa kijana hodari, mweledi wa programu iitwayo R. Programu hiyo iliasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo hutolewa bure. Kwa chuo kisicho na fedha za leseni, hiyo ni neema. Lakini ukiifungua, inakupa dirisha tupu lenye alama ndogo inayosubiri amri. Haikuambii uanzie wapi. Mkufunzi alikataa katakata kuwapa wanachuo njia yenye menyu za kubofya. "Asiyeweza kuandika amri hastahili kufanya takwimu," alisema. Nami nikamwunga mkono.

Darasani alikuwamo mama mmoja aliyefundisha hisabati shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja kujiendeleza. Wastani aliujua kama anavyolijua jina lake. Akaandika amri ya kutafuta wastani kwa herufi kubwa, Mean badala ya mean, kama sisi walimu tulivyozoea kuanza sentensi. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kwamba haikitambui kitu cha jina hilo, kwa kuwa katika R herufi kubwa na ndogo ni mambo mawili. Akarudia mara tatu, mara nne, wenzake wakimtazama. Wiki iliyofuata hakuonekana.

Siku moja akanijia ofisini. "Shikamoo, Mkuu." "Marahaba, Mwalimu." Akaniwekea mezani ripoti yenye majedwali ya kupendeza. Nikamwuliza maana ya tarakimu moja ya safu ya mwisho. Akainama. "Mkuu, nitasema kweli. Kuna kijana wa steshenari mjini, nilimlipa akanifanyia."

Nilipaswa kuikataa ripoti ile. Nikaitia sahihi. Niliona haya kumwadhibu kwa kupita dirishani ilhali sisi ndio tuliomfungia mlango. Lakini nilijua pia kwamba anarudi kwa wanafunzi wake na utafiti asioweza kuusimamia hata kwa swali moja. Sahihi ile inaniuma hadi leo.

Kumbe dawa ilikuwapo. Mwaka 2005 John Fox, profesa wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alichapisha maelezo ya programu aliyoijenga juu ya R kwa ajili ya wanaoanza kujifunza takwimu. Inaitwa R Commander, nayo pia ni ya bure. Mwanafunzi anachagua jambo kwenye menyu. Programu inaandika yenyewe amri ya R katika dirisha la juu, na jibu linatokea chini yake. Anayebofya anaiona amri ikizaliwa. Kesho anaweza kubadili neno moja ndani yake na kuiendesha upya kwa mkono wake. Tena, kipengele cha menyu kisichofaa kwa takwimu zilizopo hufifia na hakibofyeki. Huo ni ualimu: kumzuia mtoto asitumbukie shimoni bila kumchapa kwa kulisogelea.

Wapinzani wetu husema kubofya kunazaa watu wasiofikiri. Nawajibu kwa mfano wa Francis Anscombe. Mwaka 1973 alitunga mafungu manne ya takwimu, kila fungu jozi 11. Wastani wa namba za kwanza ni 9 katika mafungu yote, wa namba za pili ni 7.5, na hata mstari wa uhusiano ni uleule. Zichore kwenye grafu: fungu moja linafuata mstari, jingine limepinda kama upinde, na mawili yamevutwa na nukta moja moja iliyojitenga. Aliyeandika amri ya wastani bila kuchora grafu amedanganyika sawasawa na aliyebofya. Ujinga hauingii kwa kidole. Unaingia pale mwalimu asiposema, "Kwanza chora, utazame."

Hata hivyo siwasifu wajenzi wote wa menyu. Menyu inayoficha kazi yake na kutoa majedwali tu haina tofauti na yule kijana wa steshenari: unapata jibu, hupati elimu. Na anayejenga kwa ajili ya walimu wetu ajenge kwa Kiswahili. Menyu za R Commander zimefasiriwa kwa Kihispania, Kijapani, hata Kiindonesia. Mama yule alifundisha wastani, asilimia na grafu kwa Kiswahili maisha yake yote. Kwa nini maneno hayo yageuke haramu anapokaa mbele ya kompyuta?

Enyi wakufunzi, nanyi mlianza kwa kushikwa mkono. Hakuna aliyezaliwa akijua kwamba herufi kubwa ni kosa. Aliyepanda kwa ngazi kisha akaivuta juu, asijiite mwalimu. Mpeni mwanafunzi mlango anaoweza kuufungua, simameni naye kizingitini mkimwonyesha kilichomo ndani, kisha mwulizeni maswali magumu. Nami, kama ningerudishiwa ripoti ile leo, nisingeitia sahihi wala nisingeitupa. Ningevuta kiti cha pili mbele ya kompyuta, nikamwambia yule mama, "Karibu, Mwalimu, tuanze na grafu."