Rafiki sio nyani, na Nala sio zawadi!

Nimerudi chuo juzi toka Kisiba, matope ya Rungwe bado yako kwenye viatu. Likizo yote mvua, kwa hiyo jioni moja nikawawekea wadogo zangu The Lion King kwenye kompyuta, ile ya 1994. Nusu saa tu ugomvi: yule mzee wa fimbo, Rafiki, ni mnyama gani? Mmoja nyani, mwingine ngedere. Bibi akachungulia, akasema hilo ni pepo, zimeni hahaha.

Nikadhani ni utoto. Kufika hosteli, watu wazima wa mwaka wa tatu nao hawajui, na wanabisha! Sasa leo nyamazeni mnisikilize.

Rafiki sio huyu nyani wetu anayeiba mahindi. Ule uso wa bluu na nyekundu ni wa mandrili, na mandrili hayuko Tanzania, kwao ni Gabon na Kameruni huko. Ila mandrili ana kimkia kifupi cha kuchekesha, wakati Rafiki kapewa mkia mrefu kama wa nyani. Wachoraji walichanganya tu. Tena kwenye filamu anamwambia Simba kuwa Simba ndiye nyani, yeye sio. Mwenyewe kakana, nyie mnamlazimisha! Timon naye sio panya. Ni wa ukoo wa nguchiro, kwao ni kusini, Kalahari, Serengeti hutamwona ng'o. Pumbaa ni ngiri, basi.

Majina sasa, hapa ndo napandwa na hasira. Mtandaoni wameandika Nala ni "zawadi" kwa Kiswahili, na watu wetu wanakopi hivyo hivyo. Jamani! Bibi yako alishawahi kukupa nala? Mufasa nalo sio Kiswahili. Simba na Rafiki sawa, Sarabi ni mazigazi, Pumbaa ni kuzubaa, Shenzi mnalijua wenyewe. Banzai ni Kijapani. Timoni kasomeni Matendo ya Mitume sura ya 6 (walokole wa chumba namba tatu mlipitiwa?). Umezaliwa na Kiswahili halafu unaenda kumuuliza Mmarekani maana ya neno la kwenu!

Lakini kilichoniuma ni kingine. Wadogo zangu walimjua Timon kwa jina, nilipowauliza kipunji, kimya. Watoto wa Kisiba! Mawingu yakiondoka, Mlima Rungwe wanauona. Wawindaji wetu walikuwa wanamjua siku zote, ila watafiti walimwona 2003 huko huko mlimani, wakamtangaza duniani 2005, na 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Jina la mlima wetu kabisa! Na vipimo vya vinasaba vilionyesha ndugu yake wa karibu ni nani? Nyani. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuwa kama 1,117 tu, Rungwe na Kitulo pamoja na kale kamsitu ka Ndundulu. Wanafunzi wa chuo kimoja tu wanawazidi.

Mtaniambia katuni ni ya kufurahisha tu. Sawa, ila wadogo zangu wamejifunza wanyama humo humo, na wa kwao hayumo.

Wachoraji mliopo humu, kipunji ana nywele zimesimama utadhani kanyoa kiduku, na anabweka. Mchoreni, bumu likitoka soda juu yangu. Nakimbilia lekcha ya saa nne.