Bustani za Wacheki zisigeuzwe viwanja vya maghorofa

Jioni za kiangazi nchini Chekia, karamu ya bustani haihitaji mpishi. Moto unakokwa, kila mgeni anapewa soseji fupi nene iitwayo špekáček, kisu na kijiti. Anachanja ncha zote mbili alama ya msalaba, na zikipata moto zinachanua kama ua. Kila mtu anajichomea yake, awe mkurugenzi au dereva, huku bia na gitaa vikipita mkono kwa mkono. Ndiyo maana wanaoviona vipande vya bustani za namna hii, hasa pembezoni mwa Prague, kuwa ardhi iliyolala wanakosea: hapa ndipo watu wasiolingana kwa cheo wanapozoeana na kuaminiana.

Wako wanaosema kwamba bustani ziliwapumbaza Wacheki. Baada ya majeshi yaliyoongozwa na Wasovieti kuivamia Czechoslovakia mwaka 1968, utawala wa Gustáv Husák uliwaachia watu wajenge vijumba vyao vya mashambani vyenye bustani, mradi siasa waiache. Hoja hiyo ina uzito, maana anayeezeka paa lake Jumamosi haandamani. Lakini haielezi kilichotokea Hrádeček, nyumba ya shamba ya mwandishi Václav Havel. Huko walikutana waandishi na wanamuziki waliopigwa marufuku, na mwaka 1978 bendi ya Plastic People of the Universe, iliyonyimwa majukwaa, ilirekodi muziki wake humo. Polisi walijenga kibanda jirani ili wawachunguze wanaoingia na kutoka. Dola lenye imani kwamba bustani huwalaza watu lisingehangaika hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni la leo: Prague ina uhaba wa nyumba, na bustani zina uzio, haingii asiyealikwa. Ni kweli. Hata hivyo, uzio huo umezunguka vipande vidogo vinavyokodishwa, na mstaafu anayeishi kwenye fleti ya vyumba viwili hana pengine pa kukaribisha watu ishirini bila kulipia ukumbi. Ukimpokonya bustani, umempokonya na wageni wake. Sheria ya mwaka 2021 inaitambua kazi ya bustani hizi kuwa ya manufaa kwa umma. Basi halmashauri inayotaka kujenga juu ya bustani ianze kwa kuwapa wenye bustani ardhi nyingine, iwe karibu kiasi cha mzee kufika kwa tramu, na iwe na nafasi ya kukoka moto.