Adabu ya Kitenzi Ifundishwe Pamoja na Nyakati Zake

Mwalimu anayeanza kazi katika shule za pembezoni mwa Dar es Salaam, ziwe za Mbagala na Tandika wilayani Temeke au za Tandale na Bunju wilayani Kinondoni, hatakawia kumsikia mtoto akisema, "Mwalimu, soma tena." Walimu wengine huona huo ni utovu wa adabu, na mtoto hukaripiwa. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi kilichopungua hapo si adabu bali ni sarufi, na dawa ya upungufu wa sarufi ni kufundisha.

Tuangalie mtoto huyo ametoka wapi. Viunga hivi vina wazazi waliohamia kutoka kila pembe ya nchi, na baadhi ya watoto huja shuleni na heshima ya lugha nyingine. Mnyakyusa humwamkia mkubwa wake "mugonile", kwa kiambishi cha wingi, ingawa anayeamkiwa ni mmoja. Heshima anayo, ila Kiswahili huionyesha kwa njia nyingine. "Soma" ni amri. "Usome" ni ombi au shauri. "Naomba usome" ni ombi la adabu. Hata nyakati hutumika kulainisha maneno: mtu husema "nilikuwa nataka kukuomba" ilhali haja yake ni ya sasa hivi, au "ningependa" ilhali anapenda kweli. Basi mwanafunzi anayeimba "nasoma, nilisoma, nitasoma" bila kuambiwa anasema na nani, amefundishwa nusu ya somo.

Wenzetu wa Korea hawawezi kuitenga nusu hiyo. Katika Kikorea kitenzi hukaa mwishoni mwa sentensi, na alama ya wakati hufuatwa na kiishio cha heshima. Rafiki huambiwa "ga", yaani anaenda. Mtu wa kuheshimiwa huambiwa "gayo". Na kwa wakati uliopita, "gasseoyo". Akitajwa mkubwa aliyekwenda, huongezwa alama nyingine: "gasyeosseoyo". Anayejifunza lugha hiyo hujifunza wakati na heshima kwa pamoja, tena kwa mazoezi. Hangojei mpaka akosee ndipo akaripiwe.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Mwalimu achague tendo moja, kwa mfano kushuka kwenye daladala. Wanafunzi waliokaa dawati moja waigize, mmoja akiwa abiria na mwingine kondakta: "Shusha!", kisha "Naomba unishushe kituo kinachofuata." Halafu wabadilishe msikilizaji: rafiki, mama muuza maandazi, mwalimu mkuu. Mwisho wabadilishe wakati: "nilimwomba anishushe", "nitamwomba anishushe". Zoezi hili halihitaji vifaa, na darasa lenye wanafunzi wengi laweza kulifanya lote kwa wakati mmoja.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, mwalimu mwenyewe awe mfano. Anayewaambia watoto "leta", "kaa", "nyamaza" kutwa nzima asishangae wakimrudishia maumbo hayo hayo, kwani mtoto huokota lugha anayoisikia. Pili, adabu isigeuzwe kuwa ukimya. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka mtoto awe na moyo wa kuuliza. Mtoto aliyesema "soma tena" alikuwa anataka kuelewa. Akikaripiwa, kesho atanyamaza, na somo litampita. Afundishwe pia kukataa na kupinga kwa heshima: "Samahani mwalimu, naona jibu ni jingine."

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakapoandaa somo la nyakati usiishie kwenye jedwali. Jiulize kila mara: nani anasema, na anamwambia nani? Mtoto akikosea umbo, mpe lililo sahihi kwa upole, alirudie; kisha ulijibu swali lake.