Penye udhia tusipenyeze rupia

Wahenga wa pwani hii walinena kwamba penye udhia penyeza rupia. Rupia yenyewe iliondolewa katika matumizi yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini methali imebaki hai, na wengi wetu huitekeleza bila ya kuitamka. Asubuhi moja mwaka jana nusura niitekeleze mimi mwenyewe, kando ya barabara iendayo Malindi, hapa kwetu Bombolulu.

Nilikuwa nimepakiwa pikipiki na kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu chuo kikuu, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kisauni. Mguu wake wa kushoto ulidhoofika tangu utotoni, na kila aijuaye pikipiki anafahamu kwamba gia hubadilishwa kwa mguu huo. Kwa hiyo fundi mmoja wa jua kali alimfungia wenzo wa kubadilishia gia kwa mkono, kisha akamwongezea magurudumu mawili madogo, moja kila upande wa gurudumu la nyuma, ili chombo kisimuangushe anaposimama. Tangu siku hiyo mwalimu huyo alianza kuiwahi kengele ya kwanza, jambo lililokuwa likimshinda alipotegemea kugombania matatu.

Afisa wa trafiki alitusimamisha. Leseni ilikuwepo, bima ilikuwepo, na sote wawili tulikuwa tumevaa helmeti na jaketi za kuakisi mwanga. Afisa akaizunguka pikipiki mara mbili.

"Hiki ni kitu gani? Pikipiki ama tuktuk?"

"Ni pikipiki, afande."

"Karatasi inasema pikipiki. Mimi naona magurudumu manne. Makosa yako ni mengi, kijana."

"Nitajie moja, afande, nilijue."

"Wewe ongea vizuri, tusaidiane."

Kazi yangu ni kuchunguza lugha, na naungama kwamba sijapata kukutana na vitenzi vilivyohama mbali na maana zake kama hivyo viwili. Kuongea vizuri hakuhusiani na usemi, na katika kusaidiana huko msaada huenda upande mmoja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa chai isiyotiwa kikombeni na kitu kidogo kinachommalizia mtu ujira wa siku. Hata neno hongo lina safari yake. Katika karne ya 19 hongo ulikuwa ushuru uliotozwa misafara ya biashara na watawala wa bara, mathalani kule Ugogo, ili iruhusiwe kupita. Ushuru huo ulijadiliwa mchana kweupe na kila mtu akijua nani kampa nani. Leo neno ni lile lile, nalo bado linafanya kazi njiani, ila limeondoka mchana kweupe likajificha ndani ya viganja.

Nilitia mkono mfukoni. Nilikuwa na mhadhara saa mbili na nusu, na noti moja ingeyamaliza yote. Kijana akanishika mkono. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "ukilipa leo, kesho nitasimamishwa papa hapa, nawe hutakuwepo." Nikaurudisha mkono wangu. Nilimfundisha miaka minne, na somo hili yeye ndiye aliyenifundisha. Naomba pia ieleweke kwamba Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haimwandami mpokeaji peke yake. Mtoaji naye ni mkosaji, awe mhadhiri au mchuuzi.

Pikipiki ilipelekwa kituoni, ikakaa huko siku tano. Siku hizo tano mwalimu alikwenda kazini kwa matatu, akiburura mguu, na mara mbili alikuta watoto wa darasa la nne wamekaa bila mwalimu. Mimi nami nikaenda kuitafuta sheria.

Hapa yanipasa kusema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wenzangu. Afisa yule alikosea katika kutaka kusaidiwa, lakini hakukosea katika kuuliza. Sheria ya Trafiki, ambayo ni Sura ya 403 ya sheria za Kenya, inamtaka mwenye chombo kumjulisha msajili pindi sifa zilizoandikwa katika usajili zinapobadilika. Tena sheria inataka kila chombo kilichoko barabarani kiwe katika hali isiyomhatarisha yeyote. Kazi ya usajili na ukaguzi sasa imo mikononi mwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Basi kuibadili pikipiki si kosa. Kosa ni chuma kubadilika huku karatasi ikibaki kama ilivyokuwa, na chombo kutumika kabla ya mkaguzi kuthibitisha kwamba breki zinashika na kwamba kilichochomelewa hakitang'oka njiani. Tena mwenye bima naye aarifiwe, maana siku ya ajali ndiyo siku ambayo kampuni huisoma mikataba yake kwa makini.

Kijana hakuyajua hayo, wala mimi sikuyajua. Fundi hakuyajua, na kama aliyajua hakuyasema. Hatukuwa na la kumjibu afisa kwa sababu hatukujua alikuwa na haki kiasi gani. Naamini hapo ndipo rupia inapopata pa kupenya. Mtu asiyeijua sheria hawezi kupima uzito wa kosa lake. Akiambiwa makosa ni mengi, huamini kwamba ni mengi, naye hununua giza lake mwenyewe kwa noti.

Si kila mabadiliko yana heshima sawa, na hapa nazungumza nanyi wanafunzi. Wapo vijana, nami nawasikia usiku kutoka dirishani kwangu, wanaoling'oa bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, na kufunga jingine lenye mngurumo wa kuamsha wafu. Wapo wanaokunja kibao cha nambari kisisomeke, na wapo wanaofunga taa za kumpofusha anayekuja mbele. Yule mwalimu alibadili chombo ili aweze kwenda, hawa hubadili ili watazamwe. Sheria inataka injini izibwe sauti, nambari isomeke na taa isimdhuru mwenzio, na kuhusu kelele kuna kanuni za mazingira za mwaka 2009. Atakayekamatwa kwa hayo asije kwangu kutafuta machozi. Lakini hata yeye ana haki ya kutajiwa kosa lake kwa jina, na kupelekwa mahakamani badala ya kupelekwa nyuma ya mti.

Haki hiyo si fadhila ya afisa yeyote. Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba anayekamatwa aelezwe bila kuchelewa sababu ya kukamatwa kwake, na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Ibara ya 7 nayo inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, utatazamia kwamba Sheria ya Trafiki ingepatikana kwa Kiswahili kwenye kila kijiwe cha bodaboda kuanzia Kongowea hadi Mtopanga. Niliyoisoma mimi imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mimi mwenye shahada ya uzamifu katika isimu niliirudia mara mbili aya moja kabla ya kuielewa. Mwendeshaji aliyeishia darasa la nane aifanyeje?

Wenzetu wa Tanzania walichukua hatua mwaka 2021, Bunge lao lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri ni ndefu na haimalizwi kwa kupiga kura. Hata hivyo ni afadhali kazi iliyoanza ikachelewa kuliko ile tunayoendelea kuisifu kwenye makongamano ya Kiswahili bila kuianza.

Tusingoje Nairobi. Walimu wenzangu wa Kiswahili, kila muhula tunatafuta vifungu vya ufahamu na mazoezi ya tafsiri. Chukueni kifungu kimoja cha Sura ya 403 mkiweke mbele ya kidato cha tatu, na mwaambie wanafunzi wakifasiri kwa maneno ambayo fundi wa Bombolulu angeyaelewa. Watatafuta istilahi, watabishana kama waseme helmeti au kofia ngumu, na mwishowe watakuwa wamejifunza sarufi na uraia kwa kipindi kimoja. Kisha waupeleke ukurasa huo kijiweni. Wengi wao wana kaka au ami anayekula kwa pikipiki.

Bombolulu si mahali pa kuambiwa kwamba chombo kilichobadilishwa ni kichekesho. Tangu mwaka 1969 mtaa huu una karakana zake mashuhuri ambamo mafundi wenye ulemavu wamefanya kazi kwa mikono yao na kuwauzia wageni wa dunia nzima. Hapa tunajua kwamba kifaa ndicho kinachopaswa kumfuata mwili mwenye nao. Kilichobaki ni sheria yetu nayo ijifunze kuufuata ulimi wa mwananchi, na mwananchi ajifunze kuifuata sheria.

Pikipiki ya mwalimu ilikaguliwa. Mkaguzi aliamuru breki ya nyuma irekebishwe na mhimili wa magurudumu madogo uongezwe unene, na alikuwa na haki. Hati zikasahihishwa baada ya safari kadhaa na foleni nyingi. Mwezi uliopita alisimamishwa tena mahali pale pale, na afisa mwingine. Akatoa karatasi, ikasomwa, akaruhusiwa kwenda, na hakuna aliyemwambia aongee vizuri. Siku hiyo aliingia darasani dakika kumi kabla ya kengele.